Stika ya Kijani Kwenye Tangi la Maji

Nisikilizeni kidogo, ninyi mnaolala kwenye magari na ninyi mnaolala kwenye nyumba zenye tangi juu ya paa. Sina sauti ya kupiga kelele. Tangu alfajiri nimefua mashuka ya hoteli, mgongo umekataa kunyooka, na kama si uzito wa jambo lenyewe ningekwenda kulala. Lakini nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki, na kushiriki nimeshashiriki vya kutosha. Mtaona.

Nianzie Jumapili moja, siku yangu ya mapumziko. Nilikwenda kuwatembelea mama yangu, mdogo wangu wa kiume na mkewe kwenye uwanja wanapoegesha gari lao. Nilimkuta mama amekaa nje kwenye kiti cha kukunja, nywele mbichi, ananukia sabuni, kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa sijamwona na uso ule kwa miaka.

"Mwanangu," akaniambia, "wenzako siku hizi tunaoga mvua ya moto. Unasimama tu, yenyewe inakunyeshea. Miaka yote hii mlinificha nini?"

"Kwangu kuna ndoo, mama."

"Ndoo yako naijua. Mimi na yeye tumeshaachana, wala sidai talaka."

Tukacheka wote. Wifi yangu akaweka sufuria chini na kusema, "Wifi, huyu mama yako anakaa bafuni mpaka dirisha linalia machozi. Namgongea, mama, umelala humo? Ananijibu, niache, nalainisha mifupa."

Mdogo wangu alikuwa pembeni anapangusa mawe yake ya mizani kwa kitambaa. Alitabasamu, hakusema kitu. Sasa najua kwa nini hakusema. Siku ile nilidhani amechoka tu, kama sisi wote.

Huyo mdogo wangu ni fundi mizani, na watu wanamwita hivyo hivyo, Bwana Mizani. Anazunguka kwenye mashine za kusaga, maghala, bucha, hata zahanati wanakopima watoto. Anaweka mawe yake juu ya mizani, anainama, anaangalia kama kilo ni kilo kweli. Akiridhika, anabandika stika ya kijani yenye tarehe na sahihi yake. Mwenye duka akishaipata stika ile analala usingizi, na mteja akiiona hana haja ya kuuliza.

Kwa kuwa kazi hiyo haina mji mmoja, yeye na mkewe wanaishi ndani ya gari-nyumba. Ni gari refu lenye kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, bafu dogo kama kabati la nguo, na tangi la maji la lita mia chini ya benchi. Ukifungua bomba, pampu inanguruma kama paka aliyeshiba na maji yanakuja. Wifi yangu ni mshonaji wa sare. Cherehani yake imefungwa kwa bolti, isije ikasafiri safari yake peke yake gari likipiga kona. Ni mwanamke msafi, wa maneno machache. Mungu hajawajalia mtoto.

Mama alikuwa akikaa kwangu. Chumba kimoja, ghorofa ya tatu, ngazi zisizo na huruma. Magoti yake yalipokataa kabisa, mdogo wangu akasema, "Dada, na mimi ni mtoto wake. Mlete kwangu. Ngazi zangu ni mbili tu." Nikakubali haraka, tena kwa furaha. Sitawadanganya. Nilikuwa nimechoka.

Sasa niwaambie habari ya stika, maana ndiyo iliyotuponza.

Mdogo wangu alikuwa na mazoea ya kuleta kazi nyumbani. Alibandika stika kwenye mtungi wa kuzimia moto, akabandika kwenye mpira wa gesi, akabandika kwenye mfuniko wa tangi la maji. Kila alipokagua kitu, alibandika mpya yenye tarehe. Wifi yangu aliupenda mtindo huo. Aliniambia, "Kwetu hakuna kubishana, wifi. Natazama stika, najua mume wangu amepita hapo." Katika ndoa ngapi mwanamke anaweza kusema hivyo?

Na kazi ya tangi si ya mchezo. Mwaka wa kwanza walipolinunua gari, wifi alimwona mumewe akiifanya kwa magoti. Alimwaga maji yote mpaka tone la mwisho, na ya kwenye hita pia. Alijaza tena maji yenye dawa ya klorini kwa kipimo. Akafungua kila bomba, la baridi na la moto, la jikoni na la kuogea, mpaka harufu ya dawa itoke kila mahali, kwa sababu mabomba nayo yana uchafu wao. Akaiacha dawa ikae saa nyingi. Kisha akamwaga, akasuuza, akasuuza tena, mpaka harufu ikaisha. Kichwa cha bomba la kuogea alikifungua akakisugua kwa mswaki. Siku nzima ilikwisha. Alisema ni kazi ya kila baada ya miezi mitatu, na kila gari likikaa muda mrefu bila kutumika.

Basi. Kabla ya mama kuhamia kwao, gari lilikaa gereji wiki sita likisubiri kipuri cha gia. Msimu wenyewe wa joto, bati linaunguza mkono. Wifi alikuwa amekwenda kwao, mdogo wangu anazunguka kazini kwa magari ya watu. Maji yalibaki nusu tangi, vuguvugu, yamelala humo wiki zote sita, na mengine yamelala kwenye mabomba.

Kipuri kikaja. Gari likatoka. Mama alikuwa anatarajiwa kufika kesho yake. Mdogo wangu alitoka safari ndefu siku hiyo, macho mekundu, miguu imevimba. Akachukua mpira, akajaza maji mapya juu ya maji ya zamani. Akajiambia ataosha kesho. Halafu, ili mkewe akija asiingiwe na wasiwasi, akatoa stika ya kijani, akaandika tarehe ya siku ile, akasaini, akaibandika kwenye mfuniko.

Mnaona? Hakusema uongo kwa mdomo. Angeulizwa siku ile pengine angesema kweli. Lakini nani amuulize, na stika hiyo hapo inang'aa?

Kesho ikaja na kazi zake. Keshokutwa ikaja na zake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wazee. Kwetu haikuumiza tumbo. Iliingia kifuani.

Wiki ya tatu, Jumanne, simu ikaniita nikiwa kazini kwenye mashine ya kukamulia mashuka. Ni wifi.

"Wifi, mama ana homa kali. Anakohoa, anahema kama aliyekimbia. Na... wifi, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Hanijui."

Nilikwenda hospitali na aproni yangu ya kazini, imelowa. Nilimkuta mama kitandani, midomo imepauka, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu aliyekuwa zamu tangu jana. Alituuliza maswali mengi. Ameumwa nini siku za nyuma, amekula nini, amekaa na mgonjwa gani. Kisha akauliza, "Mnakaa wapi? Maji yenu yanatoka wapi?"

Wifi ndiye aliyejibu, tena kwa uhakika. "Tunakaa kwenye gari, daktari. Tangi letu ni safi. Mume wangu hulikagua mwenyewe na kuliwekea stika. Hii ya sasa haijafikisha hata mwezi."

Daktari akamgeukia mdogo wangu. "Lilisafishwa kabla mama hajaja?"

Mdogo wangu akatikisa kichwa, ndiyo. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Daktari akaandika, akaendelea na mengine.

Mapafu yalikuwa yamejaa. Wakaanza kumpa dawa ya kawaida ya mapafu, ile ambayo, alisema, huwasaidia wengi.

Sasa hapa nataka mnisamehe kabla sijaendelea, maana nitakayoyasema yananihusu mimi. Mtu akiugua kifua, sisi ndugu tunatafuta upepo wa kuulaumu. Nilimshika wifi kwenye korido nikamuuliza, "Mama alioga lini?"

"Juzi asubuhi."

"Alipotoka bafuni ilikuwaje?"

"Nilimkausha, nikamvika. Nilifungua dirisha kidogo mvuke utoke."

"Ukamweka mzee kwenye upepo na nywele mbichi?"

 Nikaona machozi yanamjaa, na badala ya kunyamaza nikaongeza, "Mtu mzima kama wewe hujui hilo?" Jioni shangazi yetu akapiga simu, nikamweleza habari za dirisha. Akasema, tena kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wifi pale alipoketi, "Ungetegemea nini? Asiyelea mtoto atajuaje kulea mzee?"

Nilisikia, na sikumkemea shangazi. Mdogo wangu alisikia pia. Alikuwa amesimama akitazama tangazo la ukutani la kunawa mikono. Alilisoma kana kwamba ni barua yake.

Siku ya pili homa haikushuka. Wakamwekea mama hewa ya mtungi. Wifi alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi bila kula. Nilimpelekea mkate, akaushika tu mkononi. Mdogo wangu alikuwa anaingia na kutoka, anaingia na kutoka. Nikamwambia, "Kaa chini basi, unanizungusha kichwa." Akasema, "Dada, mtu akikosea kitu kidogo..." Halafu akaishia hapo. Nikadhani anamtetea mkewe. Nikamwambia, "Hilo si dogo."

Mungu wangu. Mdogo wangu alikuwa amefungua mlango aseme, mimi nikaufunga.

Siku ya tatu, saa sita mchana, daktari alituita kwenye chumba kidogo. Hakuzunguka. "Dawa haimsaidii. Mama anachoka kupumua. Kuna aina ya kijidudu kinachostahimili dawa hii, kinaishi kwenye maji ya vuguvugu yaliyokaa. Mtu hahitaji kuyanywa, anakivuta tu kwenye mvuke wa bomba la kuogea. Lakini mliniambia maji yenu ni safi, kwa hiyo nimekuwa natafuta kwingine. Nawauliza tena. Kuna jambo lolote mmesahau kuniambia? Lolote. Mama hana siku nyingine ya kusubiri."

Wifi akasimama. Alikuwa ameshika upindo wa khanga yake kwa mikono miwili. "Daktari, ni mimi. Nilimwogesha nikaacha dirisha wazi. Ni mimi niliyemuua mama wa watu. Andika hivyo."

"Dirisha haliwezi kufanya mapafu yawe hivi," daktari alisema kwa upole.

"Ni mimi," wifi akarudia.

Hapo ndipo mdogo wangu alipochuchumaa chini, mgongo ukutani. Akasema bila kumtazama yeyote, "Sijaliosha."

"Hujaosha nini?" Daktari aliuliza.

"Tangi. Maji yalikaa wiki sita juani. Nilijaza mengine juu yake. Stika nilibandika tu."

 Daktari hakumtukana. Alitazama saa yake, akainuka, akamwambia muuguzi jina la dawa nyingine, na tukasikia viatu vyake vikienda mbio kwenye korido. Alipofika mlangoni alikuwa amegeuka mara moja tu na kusema, "Ungeniambia juzi."

Tukabaki watatu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kujipiga mwenyewe. Lakini wifi ndiye aliyezungumza, tena taratibu, kama anahesabu mishono.

"Siku tatu nilijiona muuaji. Nilikuwa napanga nitawaambiaje kwetu. Na wewe ulikuwa umesimama hapo, unaniangalia."

"Niliogopa," mdogo wangu akasema. "Fundi mizani akisikika anabandika stika bure, nani atamwamini tena? Nilidhani mama atapona tu na dawa, halafu nitaliosha, na yataisha."

"Na mimi je? Mimi ningeisha lini?"

 

Kesho yake maafisa wa afya walikuja na chupa zao wakachukua maji kupima, wakatuambia tusiyaguse mpaka wamalize. Walipomaliza, mimi na mdogo wangu tulilimwaga tangi lile. Na nataka mlisikie hili vizuri, hasa ninyi mnaosema maji yangu nayaona. Maji yale yalikuwa maangavu. Yangewekwa kwenye glasi mbele yangu, ningekunywa. Lakini nilipoingiza mkono na kupapasa ukuta wa tangi kwa ndani, ulikuwa na utelezi kama bamia iliyolala. Tulipofungua kichwa cha bomba la kuogea, lile la mvua ya moto aliyoipenda mama, tulikuta ukoko wa kijivu umejishikiza kwenye matundu. Kila asubuhi mama alisimama chini yake, amefumba macho, anavuta pumzi kwa raha.

Mdogo wangu alikiangalia kile kichwa cha bomba mkononi mwake kwa muda mrefu. Mganga hajigangi, tunasema, na watu hucheka. Mimi sikucheka. Yeye anayemkamata mwenye bucha kwa gramu hamsini alishindwa kujikamata mwenyewe.

Dawa mpya ilishika siku ya tano. Siku ya tisa mama aliniita kwa jina langu, nikalia mbele ya wagonjwa wote bila aibu. Alitoka hospitali baada ya mwezi. Yuko hai, na tunashukuru. Lakini mapafu yake hayakurudi yote. Anaongea maneno manne, anapumzika, anaongea mengine manne. Yule mama wa utani wa ndoo, sasa utani unaishia njiani kwa kukosa pumzi, nasi tunasubiri amalizie, na mara nyingine anapunga mkono tu, kwamba basi, haidhuru.

Kuhusu ndoa ya mdogo wangu, niseme nililoliona. Tuliwapigia ndugu simu, tukaiweka kwa sauti kubwa, na mdogo wangu akaeleza yote mwenyewe bila kujitetea. Shangazi akaomba radhi kwa kigugumizi. Mimi nilipiga magoti mbele ya wifi, mimi mkubwa wake, nikamwomba msamaha kwa maneno yangu ya korido. Aliniinua.

"Nimesamehe, wifi," alisema. "Na yeye nimemsamehe. Ila kuamini ni kazi nyingine, na kwa sasa sina nguvu nayo."

Bado wanakaa pamoja kwenye lile gari. Yeye anashona, mumewe anapima. Mume akiosha tangi, mke anachuchumaa pembeni tangu tone la kwanza mpaka bomba la mwisho, kimya, anatazama. Haulizi kitu na wala hamsaidii. Mdogo wangu aliniambia kazi ile ya siku moja sasa ni ndefu kuliko mwezi.

FUNZO

Ndugu zangu, kuhusu maji nitasema haraka, maana mnayajua. Yaliyolala msiyaamini kwa kuyaangalia. Gari likikaa, au nyumba ikifungwa, mwageni yote, msijaze mapya juu ya ya zamani. Tieni dawa kwa kipimo, ifike kwenye kila bomba na kwenye hita, ikae, kisha suuzeni mpaka harufu iishe. Kichwa cha bomba la kuogea kifungueni mkisugue. Mpira wa kujazia maji ya kunywa usifanye kazi nyingine yoyote, na mwisho wake usiburuzwe chini. Mwenye mzee, mgonjwa au mtoto mchanga ndani ya nyumba, afanye mapema zaidi. Inachosha, najua. Hakuna anayejua kuchoka kuliko mimi.

Lakini sikuwaita hapa kwa sababu ya uchafu peke yake. Kuchoka si dhambi. Mdogo wangu siku ile alikuwa amechoka kweli, na kama angeliacha tangi bila stika, mkewe angeuliza, wangechota maji kwa jirani, na mama angeoga kwa ndoo siku mbili huku akinung'unika. Kilichotuangamiza ni kuandika kwamba kazi imefanyika. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha uzembe humuumbua asiye na kosa kwanza. Nanyi mlio kama mimi, wepesi wa kumnyooshea kidole mke wa mtu, muulizeni kwanza mwenye kazi yake.

Ukishindwa kazi, rudi nyumbani, keti, umwambie mwenzako, "Sijafanya." Ni neno moja. Mdogo wangu lilimchukua siku tatu kulitamka, na kila siku aliyochelewa, mama yetu aliilipia kwa pumzi ambazo hatazipata tena.